Dimbwi Tulilolifunga kwa Miiba

Mama yangu hajawahi kula samaki, na dharau yake haifichi. "Mnyama hana shingo," husema, "sasa utamchinja wapi?" Kwa hiyo nilipoacha kuponda kokoto nikaanza kuvua katika mto Athi, alinitazama kama mtu aliyerogwa. Lakini kokoto zilikuwa zimenimaliza. Nilikuwa siwezi kuinama kuchota unga, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki asubuhi. Nilinunua wavu, nikapata leseni ya kaunti, nikawa nauza samaki wa kukaanga pale Kabati siku za soko. Nyundo ya kokoto niliiweka nyuma ya mlango. Sikuitupa, maana ya kesho hayajulikani.

Mto wetu una wenyewe wawili. Ukingo wa huku ni Kitui, wa ng'ambo ni Makueni, na samaki hana habari na mpaka. Sisi tunapewa leseni na kaunti yetu, wale wanapewa na yao. Halafu kuna wageni wa ndoano, watu wa mjini wanaokuja wikendi na viti vya kukunja, wenye leseni ya kuvua kwa kujifurahisha. Hao walinichekesha sana. Mtu anashinda juani, anampata kambare mnene, anapiga naye picha, kisha anamrudisha majini. Mara ya kwanza kuyaona hayo nilipiga ukemi nikidhani amemponyoka.

Mwaka ule mvua zilitukimbia, mto ukakatika. Maji yakabaki katika dimbwi moja refu la kina, kwenye kona yenye miamba, na samaki wazazi wote wakajikusanya humo. Mtu mmoja mwenye wavu na roho mbaya angeweza kulikomba lote asubuhi moja. Mvua zingerudi, mto ujae, na sisi tubaki kuvua matope.

Tukakutana mchangani, watu wa kingo zote mbili. Mimi walinifanya mwenyekiti, si kwa hekima bali kwa sauti. Tulikubaliana kwamba hakuna wavu wala ndoano itakayoingia dimbwini mpaka mto utembee tena. Lakini wasiokuwepo mkutanoni watajuaje? Mmoja akasema tuweke bango. Mzee wa ng'ambo akamcheka.

"Bango? Lile la mradi wa maji liko wapi saa hii? Si ni mlango wa banda la kuku!"

Basi tukafanya lile ambalo kila mtu kwetu analijua. Ukichimba kisima mchangani, ukishateka maji unakifunga kwa matawi ya mgunga ili ng'ombe wasikichafue. Anayekuta miiba anajua kisima kina wenyewe, na hata akiwa na kiu huwatafuta kwanza. Tulikata migunga tukaziba midomo yote miwili ya dimbwi, pale maji yanapoingilia na pale yanapotokea. Tulirudi nyumbani na mikwaruzo, tukijiona watu wa maana. Hakuna aliyekumbuka kuziambia kaunti.

Kumbe mgeni wa ndoano hajui miiba. Alikuja, akaona mto umezibwa, akapiga picha, akazipelekea kaunti zote mbili akilalamika kwamba wenyeji wametega samaki. Na sheria hapo haina utani. Anayeziba mto kwa uzio wa kunasia samaki hunyang'anywa leseni.

Maafisa wa uvuvi walifika asubuhi moja, kila mmoja kwa ukingo wake. Wetu alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa kofia pana. Wa Makueni alikuwa msichana, umri wa kitinda mimba wangu. Mimi nilikuwa nimeitwa na kuambiwa nije na leseni.

"Mwaitu, wewe ndio chairlady?" afisa wetu aliniuliza, akiniita mama kwa Kikamba. Nikaitikia. "Hii mmetega. Sheria iko clear. Hiyo leseni nachukua."

Akaikunja akaitia mfukoni mwa shati. Nilianza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Ile sauti iliyonipa uenyekiti ilinikimbia. Nilishikwa na hasira na woga pamoja, na vidole vyangu vikaanza kuuma kana kwamba vimeshaishika nyundo.

Yule msichana alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini. Alitembea kando ya miiba, akiinama hapa na pale kushikashika matawi. Kisha akaenda mdomo wa pili akafanya vilevile.

"Bosi, kuja uone," aliita. "Mtego si huwa na mlango, samaki aingie? Hii haina. Na angalia mashina, yote yako nje. Huyu mtu alikuwa amesimama nje akifunga."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo ni kisima! Susu, nyanya yangu, alikuwa anafunga chake hivi hivi, na nilichapwa siku moja nikifungua. Nani anatega samaki halafu anajifungia nje?"

Afisa wetu aliingia majini na viatu vyake. Aliangalia mashina kwa muda, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Hata kwetu, kijiji cha Tulia, tulifunga hivi," alisema. Kisha akakumbuka kwamba yuko kazini, akanigombeza. "Lakini mwaitu, mngetuambia! Mtu wa Nairobi atajuaje mambo ya miiba?"

Nilikubali kosa upesi, maana kosa hilo lilikuwa dogo kuliko lile la kutega. Maafisa waliafikiana palepale. Miiba itoke majini iwekwe kwenye njia zinazoteremka dimbwini, na kaunti zote mbili ziandike katika kila leseni, ya wavu na ya ndoano, kwamba dimbwi lile halivuliwi wakati wa kiangazi. Ndipo afisa wetu akaitoa leseni yangu mfukoni, imelowa jasho, akanipa. Nilikaa chini mchangani nikalia mbele ya watu, bila haya.

"Sasa unalia nini, na nimekurudishia?" aliuliza.

Jioni nilianika leseni kwenye kiti mpaka ikakauka, nikaitia ndani ya karatasi ya plastiki. Nilitafuta msumari, kisha nikaenda nyuma ya mlango nikaitoa ile nyundo. Mama aliposikia mlio wake aliniita kutoka jikoni, sauti imejaa woga.

"Umerudia mawe?"

"Hapana, mwaitu," nilisema, nikaupiga msumari mara nyingine, nikaitundika leseni ukutani.