Keki ya Magadi ya Mboga

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Kapseret alichoma maganda ya maharagwe nyuma ya nyumba yake, na moshi ukaingia jikoni kwangu kupitia dirisha nililoliacha wazi. Watoto wangu walikuwa wameenda Moiben kwa nyanya yao mzaa baba kumalizia likizo, na baba yao alikuwa kazini. Nilikuwa nimebaki mimi na friji inayonguruma. Moshi wa maganda ya maharagwe si harufu nzuri, sitawadanganya. Unakwaruza koo na kukaa kwenye nguo mpaka uzifue. Lakini nilisimama pale na mwiko mkononi, nisifunge dirisha, kwa sababu kimawazo nilikuwa nimesharudi Langas, mtaa niliokulia, siku niliyotimiza miaka tisa.

Tuliishi chumba kimoja cha mabati chenye pazia katikati: mimi, ndugu yangu Wafula aliyekuwa na miaka minne, na Senge, yaani dada ya baba yetu, aliyeuza samaki wadogo wa omena sokoni. Baba alifariki Wafula akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mama alifanya kazi Elgon View, kwenye nyumba moja kubwa yenye watoto watatu, na alilala huko huko. Siku yake ilikuwa Jumapili. Alifika kwetu kama saa tano, baada ya kuwapikia wenye nyumba chai na kuwavalisha watoto nguo za kanisa, na ikifika saa kumi alishika njia, maana saa kumi na moja ilikuwa lazima awe ndani ya geti.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa mbali. Ulikuwa mwendo wa miguu tu. Ukipanda juu ya rundo la mchanga nyuma ya ploti yetu uliiona miti ya Elgon View, mirefu, ya kijani hata wakati wa kiangazi. Nilikuwa nikimwonyesha Wafula, "Mama ako kwa ile miti," na kwa muda mrefu yeye aliamini mama yetu anaishi juu ya mti kama ndege. Sikumrekebisha. Niliona ni afadhali aamini hivyo kuliko kujua kwamba kuna nyumba kule, na kitanda, na watoto wengine wanaoamshwa naye.

Mama alikuwa fundi wa keki. Watu wale walikuwa na oveni, na kila wiki kulikuwa na keki ya kitu fulani: mara mgeni, mara siku ya kuzaliwa, mara hamu tu. Sasa keki ikiiva huvimba katikati, ikafanya kichwa, na kabla ya kuipamba kichwa hicho hukatwa ili ilale sawa. Hivyo vichwa ndivyo Mama alivyotuletea Jumapili, vimefungwa kwa gazeti. Nilikula vichwa miaka miwili kabla ya kuona kwamba keki ina sehemu ya chini.

Tulipomuuliza kwa nini lazima arudi, alitujibu, "Mkono mtupu haulambwi." Mimi nilisikia habari ya kulamba, nikawaza keki. Nikakata kauli kwamba keki ndizo zinazomshika Mama kule. Penye keki ndipo penye Mama. Msicheke. Mtoto aliyekaa peke yake sana hupanga mambo yake vizuri kabisa kichwani, ila tu hayana ukweli.

Basi Jumapili ile ya kutimiza miaka tisa nilimdanganya Senge kwamba tumbo linaniuma, akaenda kanisani akaniachia Wafula. Nikatoa unga wa ngano wa chapati, sukari, mafuta ya kupikia, maziwa yaliyobaki kwenye chai, na mayai mawili niliyokuwa nimeyaficha tangu Alhamisi ndani ya kiatu cha mvua. Krismasi iliyotangulia nilikuwa nimemwona Mama akioka pale pale nyumbani: sufuria kubwa yenye mchanga juu ya jiko, sufuria ndogo ndani yake, kifuniko, na makaa ya moto juu ya kifuniko. Na maneno yake niliyakumbuka. "Halafu magadi kidogo, Kukhu. Hiyo ndio inainua." Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu; aliniita hivyo kwa kuwa nilirithi jina la mama yake mzazi, Nekesa.

Magadi niliyoyajua mimi ni ya kwetu. Senge alichoma maganda ya maharagwe, akajaza majivu kwenye kopo lililotobolewa chini, akamimina maji juu, na yaliyodondoka, ya rangi kama ya chai isiyo na maziwa, akayatia kwenye chupa. Hayo ndiyo tuliyopikia mboga, mrenda na kunde, mpaka zikalainika. Kwamba kuna magadi mengine, ya unga, meupe, yanayouzwa dukani, hakuna aliyekuwa ameniambia. Mama alisema kidogo, lakini nikaona kwa keki ya kumrudisha mtu nyumbani, magadi kidogo hayatatosha. Nikamimina kikombe kizima.

Haikuinuka. Ilitoka ya kahawia inayoelekea kijani, pembeni ngumu, katikati bado inanata, na ilinuka sabuni. Wafula aliionja, akaitema kwenye kiganja chake kwa adabu, akaniuliza, "Dada, hii ni keki ama ni mboga?"

Mama alipofika nilimkatia kipande kikubwa na kumpa kwa mikono miwili. Alitafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena, polepole.

"Kukhu, uliweka magadi gani?"

"Ile ya mrenda."

Alicheka mpaka akaketi kitandani, akajifuta macho kwa pindo la leso. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu Baba azikwe. Nikaona kazi imekamilika, nikamuuliza, "Sasa hutarudi?"

"Kurudi wapi?"

"Kwa wale watu wako. Keki iko hapa sasa. Hata kesho naweza kupika ingine."

Kicheko kilimwisha. Alinitazama sana, halafu akasema tuoshe vyombo. Tuliosha. Senge akarudi kutoka kanisani, tukala ugali, Mama akamkata Wafula kucha, na saa kumi ikafika kama kawaida yake. Mama alipochukua mkoba wake nilienda kuketi mlangoni na kuegemeza mgongo kwenye mlango. Sikuwa nimepanga kulia. Niliuliza tu, "Na keki?" na sauti ikakatika hapo hapo. Wafula, ambaye hakujua tunalilia nini, akaanza kulia kunizidi.

"Mama Nekesa, utachelewa," Senge akasema. "Wale hawangojangi mtu."

Mama alisimama na mkoba begani. Kisha akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

"Leo nalala hapa."

"Na kesho?"

"Kesho nitaiona kesho."

Nilifurahi furaha ambayo hata arusi yangu haikuifikia, samahani kwa mume wangu akisoma hapa. Na sikumshukuru Mungu, nilishukuru magadi. Asubuhi Mama alitupeleka, mimi shuleni na Wafula nasari, kisha akaenda Elgon View. Saa tisa nilipotoka shule nilimkuta amesimama getini, amemshika Wafula mkono. Ikawa hivyo Jumanne, ikawa hivyo Jumatano. Siku kumi na moja. Alinisuka nywele, akanishonea sketi, akanifundisha kukunja chapati. Niliona kwamba vichwa vya keki vimekwisha, na kwamba Senge na Mama wananong'onezana nyuma ya pazia, na kwamba chai imekuwa nyeusi. Niliyaona yote na hayakunihusu. Mama alikuwa nyumbani.

Siku ya kumi na mbili alituambia kwamba kazi ya kule iliisha, na amepata nyingine Nairobi.

Hakuja tena kila Jumapili. Alikuja Krismasi na siku chache za Agosti, na ikawa hivyo mpaka nikamaliza sekondari. Jumapili saa tano niliendelea kuketi kizingitini, nikijiambia napepeta mchele au nafunga viatu. Sikupanda tena juu ya mchanga, kwa sababu miti ile haikuwa na mtu. Krismasi ya kwanza Mama aliposhuka na mifuko yake, Wafula alikimbia akajificha nyuma ya Senge, akamwita Senge "mama". Mama aliinama akaanza kutafuta kitu ndani ya mfuko, akatafuta na kutafuta, na hakutoa chochote. Mimi nilimkasirikia Mama. Nilimkasirikia miaka mingi. Niliamini kwamba keki yangu ilimshinda kula, kwamba alinionea huruma siku kumi na moja halafu akachoka.

Mwaka jana Senge alikuja kunitembelea hapa Kapseret. Nilikuwa nimeoka keki ya kawaida, ya magadi ya dukani, na tulipokuwa tukinywa chai nikamkumbusha ile ya mboga ili tucheke. Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Wewe hukuambiwa? Ile Jumatatu alipata nguo zake zimewekwa nje ya geti kwa mfuko wa karatasi ya juala. Hata hawakumfungulia."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu alilala nyumbani. Kwa sababu ya nini ingine?"

Nilikuwa nimekaa na jambo hilo karibu na mimi maisha yangu yote na sikuliona. Kazi haikuisha. Niliimaliza mimi, na kilio changu, mgongo wangu mlangoni. Nilitaka mama yangu awe karibu, nikampeleka Nairobi.

Senge alipoondoka nilimpigia Mama. Siku hizi anaishi nyumbani kwetu upande wa Bungoma, peke yake, na kuku wengi na ng'ombe mmoja. Nilimuuliza bila hata kumsalimia vizuri kama ni kweli walimfukuza kwa ajili yangu.

"Huyo Senge yako mdomo wake hauna kifuniko," akasema.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa mtoto, ulikuwa unataka mama yako. Hiyo ni makosa?"

Nilisikia kuku nyuma yake, na yeye akiwafukuza kwa mdomo. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuzungumza na kuku, "Hizo siku kumi na moja niliwapeleka shule na nikawangoja watoke. Zingine zote nilipeleka na kungoja watoto wa watu."

Nilimwomba aje akae na mimi. Nyumba ina chumba, nilimwambia, na watoto wanamuulizia kila mara. Alisema ng'ombe hawezi kukamuliwa kwa simu. Nilipomsihi tena aliniambia nisijisumbue juu yake, kukaa mbali na watoto wake alishazoea.

Nikamwambia sawa, Mama. Sikumwambia kwamba mimi, mpaka leo, sijazoea.