Mada Aliyoiruka Wifi

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa mwisho, alihitaji alama ya D katika Biolojia. Masomo mengine yaliyotakiwa na chuo cha uuguzi alikuwa nayo tangu alipomaliza kidato cha nne. Biolojia peke yake ilimwangusha. Miaka mitatu baadaye, akiwa na mtoto mgongoni, alijiandikisha kuirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mdogo wangu alikuwa kazini Mbeya. Mimi nilikuwa nimerudi Kyela kumtunza baba baada ya mama kufariki, na kwa kuwa nilisomea kilimo chuo kikuu, kazi ya kumpitisha wifi katika mada zote kabla ya Novemba iliniangukia. Niliipokea kwa moyo mmoja. Sikutaka ashindwe mara ya pili nikiwa nakaa naye ua mmoja.

Wifi alikuwa na namna moja tu ya kusoma: kwa sauti. Jambo asilolitamka halikukaa kichwani mwake. Kila alasiri, huku tukilinda kakao iliyoanikwa uani, alisoma fungu zima kwa Kiingereza, lugha ya mtihani, kisha nikamtaka anieleze jambo lile lile kwa Kiswahili, kitabu kikiwa kimefungwa.

"Osmosisi ni nini?"

"Ni mwendo wa maji kutoka katika mchanganyiko..."

"Hicho ni kitabu. Niambie wewe."

Alitazama sinia la mbasa, samaki wa ziwani waliotoka soko la Lyulilo, niliowatia chumvi asubuhi. "Nje kuna chumvi nyingi, ndani kuna maji mengi. Utando wa seli unapitisha maji lakini chumvi unaizuia, kwa hiyo maji yanaifuata chumvi nje. Ndiyo maana sinia limejaa. Umeridhika, wifi, au nimuulize samaki?"

"Samaki hasahihishi mitihani. Endelea."

Tuliendelea hivyo majuma matano. Moyo aliuchora ardhini kwa kijiti mpaka mtoto akajifunza kuufuta kwa miguu.

Kwa desturi yetu, mke wa mwana hakutani na baba mkwe wake. Siku hizi wengi wameilegeza, lakini nyumbani kwetu ilishikwa. Baba alipotaka kupita uani alikohoa kwanza, na wifi akaingia ndani. Waliyotaka kuambiana yalipita kwangu. Kusoma kwa sauti, hata hivyo, hakukuhesabiwa kuwa ni kuongea naye, na sauti ya wifi ilifika barazani kwa baba bila kizuizi. Wala Kiingereza hakikumficha, kwa maana baba alikuwa karani katika ujana wake na anakielewa kuliko wengi wa rika langu.

"Mkwe wangu anasoma vizuri," aliniambia asubuhi moja, tukipindua kakao katika sanduku la kuvundikia. "Moyo nimeusikia. Figo nimezisikia. Namna majani yanavyojitengenezea chakula nimeisikia mpaka nimechoka."

"Ana bidii, baba."

"Uzazi bado sijausikia." Alifunika sanduku kwa majani ya mgomba, akayakandamiza. "Anataka kuwa nesi wa nini? Wa migomba?"

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kitabu. Kurasa zote zilikuwa zimejikunja pembe na kujaa mistari ya kalamu, isipokuwa za mada ile, ambazo zilikuwa safi kama zilivyotoka dukani.

"Hii je?" nilimuuliza.

"Hiyo nitaisoma kimoyomoyo."

"Kimoyomoyo hujawahi kusoma hata tangazo la kanisani."

"Sasa nitaisomaje, wifi? Baba yupo pale. Niutaje mji wa mimba na hayo mengine yote, anisikie?"

"Mtoto umezaa, jina la alikotoka hulitaki?"

"Kuzaa nilizaa kimya."

Tulicheka, kisha akaacha utani. Akaniambia kwamba hata alipokuwa shule aliishi kwa baba yake mdogo, akairuka mada hiyo kwa sababu hiyo hiyo, na swali lake lilipokuja katika mtihani aliliacha wazi. Nilikuwa karibu kumlaumu nilipoitazama ratiba niliyoibandika ukutani kwa mkono wangu mwenyewe. Uzazi niliuandika mwisho kabisa, katika juma la mtihani, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mimi pia nilikuwa nimeiruka.

Nilipendekeza tukasomee mtoni. Akanikumbusha kwamba kakao iliyoanikwa haiachwi peke yake, mbuzi wakiwa wengi na mawingu yakiwa karibu. Ikabidi nimweleze baba ukweli, kwamba mkwe wake anaona haya. Mchana alisimama katikati ya ua, akakohoa, akangoja mlango wa wifi ufungwe, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano:

"Kuanzia leo, saa tisa mpaka saa kumi na moja nitakuwa kwenye shamba la mpunga. Mtu asinitafute."

Akachukua jembe akaondoka. Shamba lile tulikuwa tumeshalilima juma lililopita, na wote watatu tulilijua hilo.

Siku ya kwanza wifi alinong'ona. "Sisikii," nilimwambia, naye akarudia. "Bado sisikii." Siku ya tatu sauti yake ilipanda kama ilivyokuwa katika moyo na figo. Tulichora mzunguko wa hedhi ardhini, siku baada ya siku, na kila homoni tukaipa mahali pake. Alipokosea nilimrudisha mwanzo. Alipochoka nilimpa maji, tukaanza tena. Alasiri moja mvua ilitushukia, tukakimbiza kakao ndani, na nikadhani baba angerudi mapema. Alirudi saa kumi na moja, koti likichuruzika.

"Amemaliza?"

"Bado kidogo, baba."

"Basi kesho nakwenda tena."

Siku ya mtihani nilimsubiri nje ya geti la shule, mtoto akiwa amelala begani kwangu. Wifi alitoka miongoni mwa wa mwisho.

"Wameuliza kondo la nyuma na kazi zake," alisema. "Nimejaza ukurasa na nusu. Ningepewa muda ningeendelea."

Matokeo yalipotoka alikuwa na C. Aliyasoma mara tatu katika simu yangu, akaniomba nimpelekee baba habari. Baba alinisikiliza barazani, akaitika kwa kichwa.

"Ndaga," alisema, neno letu la shukrani. "Mwambie aombe chuo wiki hii, asingoje. Mtoto tutabaki naye sisi."

Nilivuka ua kumpelekea wifi maneno hayo, ingawa mlango wake ulikuwa wazi na alikuwa ameyasikia yote. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku la nguo, akitafuta cheti chake cha kuzaliwa.