Gobore la Msengi Ndani ya Mkeka Wangu

Hapa Mkiwa ukiulizia nyumba ya Mama Eliza, watoto watakujibu, "Yule aliyetembeza msiba wa mtu mzima wa afya?" Wala sikasiriki, maana ndiye mimi, na nimeona afadhali niusimulie mwenyewe mkasa huu kuliko kuendelea kuusikia kisimani unaongezwa chumvi.

Ilikuwa enzi za ruksa, maduka ya watu binafsi yanaota kila upande wa njia panda, mitumba imetandazwa hadi karibu na mlango wa kanisa, na mimi mjane nikajiambia sibaki nyuma, nikauza mbuzi (nikabakiza beberu mmoja mkorofi ambaye hata bure hakuna aliyemtaka), nikajenga vyumba vitatu uani nikapangisha. Cha mwisho nikampa Msengi, Mnyiramba wa kutoka upande wa Sekenke, mlinzi wa zamani wa shirika fulani la umma lililofungwa, aliyekuja kulima alizeti kule karibu na msitu. Mtu mpole, shikamoo yake ya asubuhi huikosi, na uwanja anafagia bila kutumwa. Ila alikuwa na gobore.

Nililiona siku alipokuwa akilipanguza pale mlangoni kwake, na mjukuu wangu Tatu amechuchumaa mbele yake anatazama. 

"Msengi mwanangu," nikamwambia, "hicho kitu hakilali kwangu."

"Mama, kibali ninacho, kimegongwa muhuri. Nguruwe pori wananimalizia alizeti."

"Sijakuuliza habari za nguruwe. Liondoke hilo au uondoke wewe."

Akainamisha kichwa kwa heshima zote. "Nyumba ni yako, mama. Lakini chumba nimelipia, na vilivyomo ni vyangu."

Tukavutana hivyo tangu kupanda hadi kupalilia. Balozi wa nyumba kumi nikamwendea, akasema kibali ni halali, tuvumiliane. Tuvumiliane! Mimi nikiamua jambo nimeamua, marehemu mume wangu alikuwa akisema punda alikuja kujifunzia ubishi kwangu. Basi asubuhi moja Msengi amekwenda shamba, nikakumbuka kwamba nina ufunguo wa akiba, na hapo ndipo nilipojiharibia, kwa sababu niliwaza kitu rahisi kabisa: nalichukua gobore, nalipeleka kituo cha polisi, nalikabidhi, basi, ugomvi umekwisha.

Nikafungua. Lilikuwa chini ya kitanda, nami kulishika siwezi, nikalivuta kwa mwiko wa ugali (msicheke) hadi likaingia kwenye mkeka wangu wa ukindu, nikaukunja, nikaufunga kwa khanga mbili, mwiko nikauchomeka kiunoni, nikajitwika. Nikajitazama: mwanamke na mkeka wake, nani atashuku?

Nilisahau jambo ambalo hata Tatu analijua. Mwanamke mtu mzima, asubuhi, siku ya kazi, anatembea haraka na mkeka kichwani, amejifunga khanga na hasalimii watu, huyo anakwenda msibani.

Wa kwanza kuniona alikuwa jirani yangu Mama Hadija, ambaye sauti yake haihitaji tarumbeta. "Mama Eliza! Nani?"

Ningesema "hakuna" angeuliza mkeka wa nini. Nikajibu bila kusimama, "Ni mambo ya huyu Msengi, naharakisha."

"Msengi! Si jana tu alinisalimia!" Akashika kichwa akaangua kilio.

Nilipaswa kugeuka nikamweleza. Lakini gobore liko kichwani, kituo naona paa lake, na nikawaza, kwa akili yangu hii hii, kwamba watu wanaolia hawaulizi maswali mengi. Nikanyamaza. Nyuma yangu kilio kikapokelewa na muuza vitunguu, kikavuka kwa wauza kuku, kila mmoja akaingia ndani akatoka na khanga begani, huyu na bakuli la unga, yule na kuni, kama tunavyofanya, na wakanifuata, wanawake kama ishirini, wanamlilia kijana wa watu aliyefia ugenini asiye na mama wala dada wa kumfumba macho. Nilisikia hata mmoja anasema, "Na huyu Mama Eliza alivyokuwa akigombana naye, leo tazama anavyokimbia." Nikaongeza mwendo. Shingo ilikuwa inauma, na aibu imeanza kunipanda, lakini sikuacha.

Tulipofika usawa wa mgahawa, nani anakuja mbele yetu? Msengi, juu ya baiskeli, jembe limefungwa nyuma. Akaona msafara, akashuka haraka, akavua kofia yake.

"Poleni sana jamani. Nani ametutoka?"

Mama Hadija alimtazama, akakaa chini pale pale barabarani na bakuli lake la unga. Naye Msengi, kwa adabu zake zile zile zilizoniudhi miezi yote, akanijia: "Shikamoo mama. Lete mkeka nikupokee."

"Marahaba, niache."

"Haiwezekani mama, mzigo wa msiba ubebe wewe na mimi nipo!" Akaushika. Akaupima mkononi. Nikaona uso wake unabadilika, maana mtu anaujua uzito wa chake. "Mama," akasema taratibu, "huu mkeka mbona mzito?"

Nikavuta huku, akavuta huku. Mimi si mtu wa kuachia. Khanga ya kwanza ikafunguka, ya pili ikachanika, na lile gobore likatoka kitako mbele, likaanguka katikati ya waombolezaji kwa kishindo.

Wote walilala chini, hata muuza kuku na kuku zake. Askari aliyekuwa mgahawani anakunywa chai akatoka na kikombe mkononi.

"Hii silaha nani alikuwa ameibeba?"

Wale wanawake walionisindikiza kwa machozi walininyooshea vidole vyote kwa pamoja, hakuna aliyesita.

Kituoni nikakalishwa kwenye benchi, khanga imechanika na mwiko bado umechomekwa kiunoni.

"Mama, una kibali?"

"Sina, nilikuwa nawaletea ninyi!"

"Wote tunaowakamata huwa wanatuletea sisi," akasema askari, na akafungua kitabu. Kisha akamgeukia Msengi. "Ameingia chumbani kwako bila ruhusa, amechukua silaha yako. Unamshitaki? Ukisema ndiyo, huyu halali kwake leo."

Msengi alikuwa anafuta vumbi kwenye gobore lake. Nikaona anafikiri kweli, na nikaogopa kweli. Alipofungua mdomo alisema tu, "Lakini mama, halina kitu. Baruti huwa naiacha shambani. Sijawahi kuingia nayo uani kwako hata siku moja."

Sijui kwa nini neno hilo ndilo lililonivunja. "Hata la baba walisema halina kitu," nikasema. Nikawaeleza jambo ambalo sikuwahi kumweleza mpangaji yeyote: nyumbani kwetu Ihanja, mimi mdogo, gobore la baba limesimamishwa nyuma ya mlango, dada yangu Maria anafagia, ufagio ukaligusa. Alikuwa na umri wa huyu mjukuu wangu Tatu. Nililia mbele ya askari, na safari hii machozi yalikuwa ya msiba wa kweli, ila wa zamani.

Msengi akaja akakaa benchini karibu nami. "Miezi yote hii uliniambia hutaki, hukuniambia kwa nini. Mimi nilidhani unanifukuza kwa kuwa ni mtu wa kuja."

Akamwambia askari hashitaki. Gobore litunzwe kituoni, awe anakuja kulichukua kwa sahihi nguruwe wakizidi, na kwangu halirudi. "Ila mama naye anipe ule ufunguo wa akiba." Nikaufungua kwenye pindo la khanga nikampa, mkono wangu mzito kidogo, nakiri.

Nje wale wanawake walikuwa bado wanasubiri. Mama Hadija akatangaza kwamba unga ukishatoka nyumbani kwenda msibani haurudi, kwa hiyo ukapikwa uani kwangu, kwa kuni zile zile, na mwiko ule ule ukasonga, na marehemu ndiye aliyekula tonge kubwa kuliko wote.

Hadi leo bunduki hailali nyumbani kwangu, hilo silegezi. Lakini mpangaji mpya akija, kabla sijampa ufunguo (upo mmoja tu sasa) namkalisha namweleza habari za dada yangu Maria, na sijapata aliyebisha. Na msibani siku hizi naenda na unga wangu tu. Mkeka nakalia wa wenzangu.