Panya Katika Siku ya Farasi

Kwa miaka mitatu Qiu Fulai aliitikia jina la maiti, na aliliitikia vizuri. Kwenye geti la eneo la ujenzi huko Nanjing, mashine ya kutambua nyuso ilimwita Qiu Fugen, naye akapita. Msimamizi akiita Fugen, alijibu kabla jina halijaisha. Fugen alikuwa mdogo wake, aliyezama mferejini huko kwao Anhui akiwa na miaka thelathini na moja. Familia haikupeleka taarifa ya kifo chake, maana kifo kikiandikwa shamba lake linarudi kwa kijiji. Basi marehemu akabaki na shamba, na kitambulisho, na umri mzuri wa kufanyia kazi.

Umri ndio uliokuwa taabu. Jiji lilikuwa limeamua kwamba mwanamume aliyepita miaka sitini asikanyage eneo la ujenzi, na aliyepita hamsini na tano asifanye kazi za juu. Walisema ni kwa ajili ya usalama wake. Nani angemlisha huyo aliyelindwa, hilo hawakulisema, wala hakuna aliyewauliza. Fulai alikuwa na sitini na mbili. Fugen, angekuwa hai, angekuwa na hamsini na nne. Karani wa kijiji, ambaye ni binamu yao, alimpiga Fulai picha mpya, akaibandikia jina la mdogo mtu, akapewa bata wawili kwa usumbufu.

Msinishikie fimbo ya uadilifu hapa. Mke wake, Shuilian, figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alilazwa kando ya mashine katika hospitali ya wilaya ili damu yake isafishwe. Kazi ya mumewe ikisimama, mashine nayo inasimama, na mashine ikisimama Shuilian hamalizi nusu mwezi. Hesabu yenyewe ni hiyo, haina maneno mengi. Kila siku ya kumi Fulai alichanganya dawa nyeusi katika bakuli lake la wali, akazipaka mvi zake bwenini, akalisugua bakuli, akalilia tena wali. Kila masika, siku ya kufagia makaburi, alimchomea mdogo wake karatasi, pesa za wafu, na kumwomba radhi.

Kazini alikuwa mfunga mizigo ya kreni. Boriti ya chuma ikipandishwa, yeye ndiye aliyeikazia nyaya chini, na wakati mwingine ndiye aliyeipokea juu na kuivuta kwa kamba hadi ikae mahali pake. Mnara ule wa Nanjing ulikuwa wa ghorofa tisini na sita, na sidhani kama kuna ghorofa ambayo mikono yake haikuigusa. Asubuhi zenye ukungu, wafanyakazi wa juu walikuwa juani huku mji mzima chini yao umefunikwa usionekane. Fulai alipenda asubuhi hizo. Alisema ndizo saa pekee ambapo hakuna mtu anayemwangalia.

Hatimaye ikabaki boriti moja. Wenye jengo wakamlipa mnajimu awachagulie siku, akachagua siku ya Farasi, saa tatu na dakika kumi na nane; huko wanyama kumi na wawili hupokezana zamu, kila siku na kila mwaka na mnyama wake. Bosi Pang, msimamizi wa genge lao, mtu wa Nantong mwenye sauti ya tarumbeta, akawakusanya watu wake.

"Sikilizeni nyie! Siku ya Farasi inagombana na Panya. Aliyezaliwa mwaka wa Panya asipande, asisogee, asichungulie. Boriti ikishuka na Panya akiitazama, atakufa mtu. Nani Panya hapa?"

Vijana wawili wenye miaka ishirini na sita wakanyoosha mikono, wakafukuzwa kwa vicheko. "Tokeni, wezi wa mtama!"

Fulai aliacha mikono yake mifukoni. Kitambulisho chake kilikuwa cha Nyani, mnyama wa mdogo wake. Yeye mwenyewe alizaliwa mwaka wa Panya, mwaka wa njaa kuu, na mama yake alizoea kumwambia kwamba alikuja panya wakati ghala halina hata punje.

"Mzee Qiu!" Pang akamwita. "Wewe ndiye mkongwe wetu, mikono ya dhahabu. Kamba ya kuongozea boriti utashika wewe. Kamera zitakuwepo, utaonekana mpaka kwenu."

Kilemba cha ukoka hicho, lakini hakivuliki. Fulai akasema, "Bosi, tumbo linanisumbua tangu jana. Mpe Sanbao."

"Tumbo? Kesho likikuuma, keshokutwa usije. Wenye tumbo zima wamejaa pale getini."

Hakulala vizuri kwa hofu, na hofu yake haikuwa ya Pang. Aliamini. Aliwahi kuona mtu aliyepuuza mwiko kama huo akishushwa ndani ya turubai. Kulikuwa na watu ishirini na wawili wa kusimama kule juu, na alijua majina ya watoto wa kila mmoja. Akakumbuka wazee wa kwao walivyofanya walipolazimika kuhudhuria siku inayogombana nao: dakika yenyewe ikifika, unageuka, unaipa mgongo, na balaa linapita bila kukuona.

Boriti ikaja imefungwa kitambaa chekundu. Fataki zimepigwa marufuku mjini, kwa hiyo zilikuwa zikilia kutoka kwenye spika. Wakubwa wamesimama na kofia zao nyeupe zisizo na mkwaruzo. Fulai akaivuta kamba taratibu, boriti ikatii, ikazunguka, ikanyooka. Zilipobaki sentimita chache, akaipitisha kamba begani, akageuka akaipa mgongo, akafumba macho. Chuma kikakaa juu ya chuma. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyekwaruzwa hata ukucha.

Mchana walipewa nyama ya nguruwe ya mchuzi chini ya hema. Pang alikuwa akitazama video kwenye simu, akairudisha nyuma, akaitazama tena. Akasimama.

"Njooni muone maajabu. Ni Nyani gani huyu anayemgeuzia Farasi mgongo?"

Wakacheka. Fulai akaweka vijiti vyake chini.

"Mzee Qiu, wewe ni mnyama gani?"

"Nyani, bosi."

"Nyani anaogopa nini leo? Mwenye kuogopa leo ni Panya. Na Panya ni wa miaka hamsini, au wa sitini na mbili. Hebu tuletee hiyo sura." Akamvua kofia, akamfuta kichwa kwa leso iliyolowa chai, akawaonyesha wote ilivyotoka nyeusi. "Hamsini hii? Njia ya mwongo fupi, jamani! Jina lako nani?"

"Fulai," akasema, kwa sauti ndogo.

"Na Fugen?"

"Mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

"Kumbe miaka mitatu nafungiwa boriti na maiti!" Hema lote likaangua kicheko. Sanbao, aliyekuwa analala kitanda cha juu yake, alicheka kuliko wote, maana alikuwa akimwangalia Pang.

"Bosi, niligeuka kwa ajili yenu," Fulai akasema. "Ningeitazama, ningewaletea nuksi."

"Ungeitazama, ningekutupa kwa nuksi. Umegeuka, nakutupa kwa uongo. Toka."

Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda hapigi teke huku anatafuna. Pang alirudi kwenye bakuli lake. Kabla nyama haijapoa, uso wa Fulai ulikuwa umefutwa kwenye mashine, na furushi lake la matandiko limerushwa nje ya geti. Aliketi juu yake ukingoni mwa barabara.

Simu ikalia. Ni Shuilian.

"Baba Haitao! Tumekuona! Nimewaita majirani wote, hata mama Lü na mguu wake ule. Lakini wewe nawe! Dunia nzima inatazama kamera, wewe unatupa mgongo? Watu wanasema, huyo ni yeye kweli? Nikawaambia mgongo wa mume wangu nitaukosea?"

"Jua lilikuwa kali," akasema.

"Haya. Daktari amepita leo, ameuliza kama tutaendelea na mashine hadi mwaka mpya. Nimemwambia aandike tu, mume wangu yuko juu kuliko watu wote wa wilaya hii." Akacheka, akapumzika kidogo, kisha akasema, "Siku nyingine lakini ugeuke, nikuone."

Akamjibu kwamba siku nyingine atageuka.