Parking ya jirani ilikuwa inaulowesha ukuta wa chumba cha mama, nikamtegea mtu rangi ya miyaa

Wakuu, assalaam aleikum, na msio Waislamu habari za mchana.

Hili limetokea nyumbani kwetu, Mji Mkongwe hapa Unguja. Majina nimebadilisha, mtaa siutaji, mengine yote ndivyo yalivyokuwa. Atakayeona ni chai basi anywe apite, sitogombana na mtu.

Kidogo background.

Nyumba yetu ni ya mawe na chokaa, kaiacha marehemu baba. Nnakaa na mama na wanangu. Kaka yangu, nimwite Nassor, anakaa Fuoni na mkewe. Tuko wawili tu kwa mama, hana mwengine.

Ubavuni mwetu kulikuwa na nyumba ya jamaa zake baba. Zimeshikana ukuta mmoja, na chini, ndani ya ghala letu, kuna kilango kidogo. Zamani wanawake wakipita hapo kutembeleana bila ya kutoka njiani. Mie utotoni ndo ilikuwa njia yangu ya kupelekea sahani za futari.

Wale jamaa wakatawanyika, wengine Dar, wengine Oman, nyumba ikafungwa. Masika moja ikashuka yote. Alhamdulillah haikuwa na mtu ndani.

Kifusi kikabebwa, yakazungushwa mabati, likasimamishwa bango lenye picha ya hoteli na bwawa la kuogelea, na Mzungu kajilaza kavaa miwani. Chini limeandikwa "Coming Soon".

Hiyo soon sijui itafika lini. Bango limepauka kwa jua, yule Mzungu sasa hivi hana uso, na kiwanja kimekuwa parking.

Nitoke nje ya mada kidogo. Nyie mnaokaa mjini mshawahi kujiuliza? Nyumba ikianguka leo, hata vumbi halijatulia, mtu keshasimama getini anaelekeza magari kurudi rivasi. Nyumba iliyosimama ina sheria zake, huwezi kuivunja unavyotaka. Ikianguka yenyewe inakuwa kiwanja tu. Sisemi kitu, nnauliza tu.

Turudi.

Mama magoti yanamsumbua, ngazi haziwezi tena, kwa hiyo tulimshusha chini, chumba kilichopakana na hiyo parking. Anasuka mikeka humo humo, miyaa yake ya kusukia na makopo yake ya rangi yako ghalani, mlango wa pili.

Sasa kiangazi hiki, jua la kutoboa utosi, nikaona ukuta wa kitandani kwa mama umelowa. Nikipitisha mkono chokaa inabanduka. Baada ya muda kukatoka ufa, mwembamba, unapanda juu.

Kwa wasiojua nyumba hizi: ukuta wa mawe na chokaa ukinywa maji muda mrefu unalegea ndani kwa ndani, nje unauona mzima. Siku unayosikia mlio ndo ushachelewa. Na mama yangu kitanda chake kiko hapo hapo chini yake.

Nilikuwa silali, wakuu.

Mtu wa kwanza kumshuku ni mlinzi wa parking, nimwite Sudi. Mtu wa Makunduchi, mtu mzima, mpole, salamu yake haikosi. Upole wake ndo ulionitia wasiwasi zaidi. Anaosha magari ya watu pale chini ya mti wa mkungu, na maji yake yanatakiwa yafuate mfereji yatoke kwa bomba mpaka kwenye mtaro wa barabara. Lakini yalikuwa hayatoki. Yanarudi, yanatuama chini ya ukuta wetu, yanazama.

Kabla ya hapo alishakuja kijana wa huyo mwekezaji wa hoteli, nadhifu, ananukia mpaka chumba kinajaa. Kaja na kikapu cha halua. Akamueleza mama kwamba kiwanja chao kimekuwa chembamba kwa hoteli, na sisi tukikubali kuwauzia tutajengewa kwengine, pazuri. Mama halua akala, nyumba akakataa.

Sasa jumlisheni wenyewe. Kakataa kuuza, ukuta unaanza kulowa. Mie ningemshuku nani?

Nassor naye akanipa moto. Yeye kila alfajiri, kabla ya kazi yake ya mjini, hupita kumuangalia mama. Anakuja na mkate, anamwekea maji ya chai, anamsalimia, anaondoka. Mtaa mzima ulikuwa ukimsifu. Shoga zangu wakinambia, mwenzetu una kaka, sisi tuna wanaume tu.

Basi yeye ndiye aliyenambia nimtazame vizuri Sudi, katumwa yule. Akasema twende tukamshitaki afukuzwe, na mama tumhamishie Fuoni mpaka mambo yatulie. Mama akasema yeye Fuoni ataenda kwa mguu wake siku ya harusi ya mjukuu, si vyenginevyo.

Siku moja nikapandwa. Nikatoka na kanga zangu, nikamkuta Sudi anaosha gari, nikamuuliza mbele za watu kalipwa na nani atuangushie nyumba. Maskini akashangaa. Akasema hilo bomba linaziba tu, yeye kila siku analichokoa kwa kijiti.

Nikamwambia chokoa sasa hivi nione. Akatia mkono mpaka begani, akavuta. Likatoka gunia.

Lilikuwa limekunjwa vizuri na kusukumizwa mbali. Si taka iliyojiendea yenyewe. Sote tukaliangalia. Nikamwambia, "Geti hili nani analifunga?"

"Mimi, dada."

"Na ufunguo anao nani mwengine?"

"Hana mtu. Mimi tu."

Wakuu, mtu anajifunga kamba mwenyewe shingoni! Akalitupa gunia pembeni kwenye kifusi, akaapa hajui kitu. Nikamwambia haya, tutaona.

Kesho yake maji yakatuama tena. Gunia lile lile, bombani. Sudi kalitoa, kalitupa pale pale, kaapa tena. Nikasema huyu ananichezea sinema.

Hapo ndo nikapata akili.

Mama ana kopo la rangi ya zambarau, ya unga, anachemshia miyaa. Wanaosuka wanaijua. Ikiwa kavu ni vumbi tu jeusijeusi, ikigusa maji ndo unaona shughuli yake. Ukiishika bila ya kutia plastiki mkononi, utatembea nayo siku nyingi, usugue kwa limau, usugue kwa jiki, haitoki.

Nikalichukua lile gunia mchana, Sudi kenda kuswali. Nikalianika darini likakauka kau, nikalinyunyizia unga nusu kopo, nikalirudisha pale pale kwenye kifusi kama lilivyokuwa. Sikumwambia mtu. Si mama, si Nassor, si mtu.

Asubuhi yake ilikuwa Ijumaa. Nikatoka mapema, nikasimama nje ya geti nikimsubiri Sudi aje kufungua. Akaja. Shikamoo yake sikuiitikia vizuri (mie mdogo kwake, lakini yeye huniamkia kwa heshima ya mama), macho yangu yote yako mikononi mwake. Akatoa ufunguo.

Mikono myeupe. Yaani safi, hata kucha.

Nikamwambia usiguse kitu. Tukenda mpaka kwenye bomba. Nikainama. Gunia limo ndani, na mdomo wa bomba umechafuka zambarau kote.

Geti lilikuwa limefungwa. Mabati yamesimama wima, hayana tundu. Sudi akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, huyu mtu hapiti kwangu."

Nikageuka, nikaangalia nyumba yetu. Kile kilango. Kwa upande wa parking kinaonekana kama ubao tu umepigiliwa ukutani, sote tushakisahau. Pembeni ya kitasa kuna doa la zambarau, la kidole gumba.

Nikarudi ndani. Nikamuuliza mama kama Nassor kapita leo. Akasema kapita, lakini leo hata chai hakunywa, kaaga huko huko ukumbini, kasema kachelewa.

Nikakaa juu ya ngazi, nikalia. Nnasema ukweli wangu. Ningependa sana awe mwekezaji.

Ijumaa kwetu ni pilau na sote tunakula sinia moja, Nassor na mkewe na watoto wakija. Nikapika kama kawaida. Nikajiambia huenda nimekosea, huenda mtu mwengine.

Akaja amechelewa, kanzu nyeupe, mkono wa kulia kautia mfukoni. Akamsalimia mama kwa mbali. Tukakaa. Bismillah ikapita, watu wakaanza kula.

Nassor akaomba kijiko.

Kijiko, wakuu. Kwenye sinia ya mama. Mimi na umri wangu huu sijawahi kuona kijiko kwenye sinia ya pilau nyumbani kwetu, hata kwa wageni wa Bara. Mkewe akacheka, akamuuliza toka lini umekuwa bwana mkubwa. Yeye akasema kidole kinamuuma.

Mama akanyanyua macho. Akasema, "Nnyooshee mkono, mwanangu, nikuone kidole."

Mama mkono wake kauacha hewani unamsubiri. Mwisho Nassor akautoa wake.

Zambarau mpaka kwenye kifundo. Imefifia kidogo, kajisugua mpaka ngozi imechubuka, lakini ile ile.

Mama aliushika ule mkono, akaugeuza huku na huku. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini si mtu wa kuambiwa. Yeye kajua ile rangi tangu hajaolewa, na ukuta wake anaujua. Watoto walitaka kucheka, mkewe Nassor akawanyamazisha. Yeye maskini alikuwa hajui lolote, nilimuona usoni.

Nassor akaanza kusema. Kwamba nyumba hii mbovu, ipo siku itamuangukia mama. Kwamba alitaka utokee ufa tu, waje watu wakague, waseme haikaliki, mama akubali kuhama. Kwamba wale wa hoteli hawatosubiri daima, na sisi tutabaki na mawe mkononi. Kwamba alikuwa anamfikiria yeye.

Mama akamwambia, "Na kitanda changu ulikuwa unajua kiko wapi?"

Nassor akainamia sinia.

"Ufunguo wa kilango nipe."

Akautoa, ulikuwa mfukoni mwa kanzu ya Ijumaa, jamani. Mama akaufunga kwenye pembe ya kanga yake. Halafu akamega pande la nyama, akalisogeza upande wake Nassor kama anavyofanya siku zote, akasema, "Haya kuleni, kinapoa."

Mie sikuweza kula. Yeye alikula, kwa mkono, machozi yanamdondokea kwenye wali.

Kilango tumekiziba kwa mawe. Mama kahamia chumba cha mbele. Fundi wa chokaa kaja kuutazama ukuta, kasema utapona lakini polepole, tuuache ukauke kwanza.

Sudi nilimpelekea sahani ya pilau mwenyewe, nikamuomba radhi mbele ya watu wale wale niliomtukana mbele yao. Akapokea, akacheka. Akanambia, "Dada, mimi nlikuwa nakushuku wewe. Kutwa uko pale ukutani."

Nilichojifunza ni hiki. Tukiona bango na mabati mtu anaanza kumlaani mwekezaji, na huenda anastahili. Lakini kabla ya kumfikia yeye, angalia nyumba yako ina milango mingapi na nani ana funguo. Mie sasa nikipita mjini, kila parking nnayoiona najiuliza kulikuwa na nyumba ya nani hapa, na kile kilango chake alikifungua nani.

Kilichonifanya niandike leo ni hiki.

Sisi nyumbani kwetu hatupigi hodi. Mama hapendi, anasema hodi ni ya wageni, mtoto anaingia tu. Ijumaa iliyopita Nassor kaja. Mlango uko wazi, lakini hakuingia, akasimama kizingitini akapiga hodi.

Mama alikuwa kakaa pale pale ukumbini anasuka. Sauti ya Nassor anaijua kwenye kiza, anaijua kwenye kelele za sikukuu. Hakunyanyua macho kwenye ukili wa mkeka wake.

Akauliza, "Nani?"

Nassor akasema jina lake. Jina lake kamili, na la baba.

Ndipo mama akasema karibu.

Wakuu, ami yetu mkubwa, kaka yake marehemu baba, bado hajui, na mama katukataza kumwambia. Nassor ni kaka yangu, na lile bango bado limesimama. Nyie mngefanya nini? Matusi wekeni pembeni, nnahitaji watu wazima.