Kibodi Haimsubiri Mtu

Nimechoka na vyombo vinavyojifanya vinajua kuliko mimi. Kikundi chetu cha taarabu kilipopata kibodi mpya, ile yenye bendi nzima tumboni, wenzangu walifurahi, nami nikafurahi kwa ajili ya mgongo wangu tu. Kinanda changu cha zamani cha umeme kina safu mbili za funguo, vikanyagio vya besi chini, na uzito wa kabati la bibi harusi. Kukitoa nyumbani kwangu, mtaa wa Ndia Kuu, hadi kwenye mkokoteni kunataka wanaume wanne na maneno makali. Kibodi naitia kwapani, napanda tuktuk, basi.

Na ni stadi, siinyimi haki yake. Kwenye kinanda mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unajaza, miguu inapiga besi, na ukikosea umekosea wewe. Kibodi unaishikia funguo tatu kwa mkono wa kushoto, nayo inakuletea besi, fidla na ngoma. Ina hata swichi za kushusha noti kidogo, kwa nyimbo zenye lahani ya Kiarabu. Lakini ikishaanza imeanza. Mwimbaji akitaka kuurudia ubeti kwa kuwa mama wa bibi harusi ndiyo kwanza anainuka kuja kumtunza pesa, kwa madaha, hatua moja na kusimama, kibodi haina habari. Inakwenda zake.

Ngoma zilizomo humo zilinichukiza. Nikaona nimrekodi kwenye kibodi mpiga dumbaki wetu, rafiki yangu tangu ujana, ambaye kiharusi kilikuwa kimemweka nyumbani. Kwao walisema mkono wa kushoto umeshapona. Haukuwa umepona. Alikuja kwangu, akaipakata ngoma yake, akapiga, na kila pigo la kushoto lilifika limechelewa. Niliinamisha uso nikajifanya natazama taa za kibodi.

Nilipomrudishia asikilize, dumbaki ilitoka safi, kila pigo mahali pake. Nilistaajabu, kisha nikaelewa: kibodi ina kirekebishi, pigo likichelewa hulivuta mpaka penye hesabu yake. Sikuwa nimekizima.

Yeye alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho.

"Waona?" akaniambia. "Mkono ungalipo. Na mke wangu asema nipumzike."

Nikammiminia kahawa.

"Basi ya nini kunitia ndani ya mashine? Harusi ya Alhamisi naja mwenyewe."

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Kumwambia kweli ilikuwa kumzika yu hai. Kumwacha apige pamoja na kibodi ilikuwa kumwaibisha mbele ya ukumbi mzima wa wanawake, ambao kwa ngoma hawasamehe. Kibodi ingekwenda mbele, yeye angebaki nyuma, na kila mwenye masikio angesikia.

Alhamisi niliwaambia wenzangu tubebe kinanda cha zamani. Walinuna. Mmoja aliniuliza kama nimerukwa na akili, nikamjibu kuwa ndiyo, na ashike upande ule mzito. Mgongo ulianza kunisuta kabla hatujafika kona ya kwanza.

Jioni ile nilipiga kwa miguu zaidi kuliko mikono. Besi niliichelewesha imngoje. Kila mkono wake wa kushoto ulipokawia, nami nilikawia, tukatua pamoja. Mpiga fidla alinikodolea macho, kisha akafahamu, akatufuata. Mwimbaji naye akatulia. Nyimbo zikawa nzito, na wanawake waliokuja kutunza wakapata nafasi ya kuringa hadi mbele na kurudi. Hakuna aliyecheka. Mpaka tunamaliza, vifundo vya miguu vilikuwa vinaniwaka moto, na nilitamani kulala palepale chini ya kinanda.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, alinijia akijipangusa jasho, uso umemnawiri kama wa kijana.

"Yeo miguu yako mizito, ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini, wenzetu wasisikie. "Jioni nzima nilikuwa nakungoja wewe."

"Uzee," nikamwambia.

"Si neno. Nenda kwa tabibu akutazame. Na hata usipopona, usiwe na hofu. Miye n'takungoja vivyo hivyo."

Nikamshukuru, nikainama kushika upande wangu wa kinanda.