Mkono Utaingia Wapi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kambi yetu yote ya shamba la ngano haikunywa chai ya asubuhi, na kosa lilikuwa langu. Naikumbuka mpaka baridi yake. Ilikuwa Julai, upepo wa mlima Hanang unashuka hadi kwenye mifupa, na ngano imesimama ya manjano kuanzia Gehandu mpaka jicho linapochoka.

Nimeikumbuka kwa sababu ya mchoro ulionitumia kwenye simu. Umeniambia chuoni mmepewa kazi ya kubuni hita ya maji isiyo na tangi, ile ambayo maji yanapata moto yakiwa yanapita kwenye bomba, na inayokula umeme kidogo. Ukauliza, "Babu, unaionaje?" Nimeikuza picha kwa vidole viwili mpaka wajukuu zangu wakanicheka. Ni kazi nzuri, mwanangu. Ila kabla sijakusifu ukavimba kichwa, nisikilize kidogo, maana hita ya namna hiyo niliwahi kuibuni mimi, na nusura imharibie mama yako siku yake ya kuzaliwa.

Wewe si wa damu yangu, lakini ukoo wenu nimeujua tangu nilipotoka Dongobesh na cheti changu cha ufundi kwenye bahasha, kuja kufanya kazi kwenye karakana ya shamba. Siku zile, mwanangu! Trekta zikiwaka alfajiri unahisi ardhi inatetemeka chini ya kitanda. Msimu wa kuvuna, vumbi la makapi linaingia mpaka kwenye ugali, na hakuna anayelalamika. Jumamosi jioni tulicheza mpira na vijana wa Nangwa, tukafungwa, tukarudi tukiimba kama tumeshinda. Sikujua kama nilikuwa na furaha. Nimekuja kujua baadaye, trekta ziliponyamaza.

Kambini palikuwa na zahanati ndogo, na nyuma yake pipa moja la maji juu ya mafiga. Mlinzi wa pipa lile alikuwa Mama Paskalina, mama yake bibi yako. Yeye ndiye aliyechota maji ya kisima, akakoka moto, akahakikisha nesi hakosi maji ya moto ya wazazi na ya kuchemshia vyombo. Pipa lilikula kuni kama fisi anavyokula mfupa. Na kuni zilikuwa mbali, kwa sababu miti ya tambarare iling'olewa kupisha ngano. Alizifuata mpaka miguuni mwa mlima, akarudi mgongo umepinda. Kila nilipomwamkia, "Shikamoo mama," aliniitikia bila kuinua kichwa, kwa sababu ya mzigo. Hilo liliniuma kweli. Usifikiri nilianza kwa ubaya.

Nikachora hita yangu nyuma ya boksi la vipuri. Bomba la kwanza lilikuwa la chuma, pana, maji yakatoka ya uvuguvugu tu. La pili nikatumia shaba, jembamba na refu, nikalizungusha mizunguko mingi, moto chini yake, maji ya bomba nililolivuta kutoka kisimani yakiingia kwa upole upande mmoja na kutokea mwingine. Uzuri wake, halikutaka kuni. Mabua ya ngano yaliyobaki shambani, ambayo kila mwaka tuliyachoma bure, unayasokota mafungu mawili matatu, yanawaka kwa nguvu, na kabla hujamaliza kusalimiana na mzee mmoja maji yanachoma mkono. Unapasha maji unayoyahitaji tu, basi, unazima. Nesi alipiga vigelegele. Mimi nilitembea kambini kifua mbele wiki nzima.

Mama Paskalina peke yake hakupiga vigelegele. Aliizunguka hita polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani, akainama, akachungulia tundu la bomba. Kisha akaniuliza, "Sasa baba, mkono utaingia wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia hii ni mashine, si sufuria. Hakubishana. Alikwenda kwake akarudi na birika lake, akanionyesha ndani. Lilikuwa na gamba jeupe, nene kama ukucha wa mzee. "Maji yetu haya yana chumvi," akasema. "Ukiyachemsha yanaacha mifupa. Pipa mimi nalikwangua kila Jumamosi, mkono wangu unaingia. Hii yako nitaikwangua wapi?" Akaniomba jambo moja tu: pipa libaki pembeni hadi mvua zije, tuone.

Mwanangu, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi sikuuacha mbachao, niliukata! Hita yangu ilihitaji koti la bati la kushikilia udongo na majivu ili joto lisitoroke, na bati zuri lililokuwa karibu ni la pipa lile. Alasiri ileile nikalipasua kwa tindo. Alisimama akiangalia mpaka nilipomaliza. Ningekuwa na akili, macho yale yangenitosha.

Ilifanya kazi vizuri, kisha ikafanya kazi kiasi. Maji yakaanza kutoka membamba. Na hapa ndipo penye kosa lenyewe, kwa sababu kutojua si kosa kubwa. Mimi nilijua. Niliona mkondo unapungua wiki hata wiki, nikajua mifupa ya Mama Paskalina imo ndani ya bomba langu, nikaona haya kusema. Nikaongeza mabua, nikamwambia nesi kisima kimepungua nguvu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Asubuhi hiyo ya Julai Paskalina mwenyewe, bibi yako, akashikwa uchungu, kabla ya siku zake. Nesi akatuma niitwe haraka. Mtoto alikuwa ametoka, mdogo kama kifaranga, na baridi ile unaijua. Nesi alitaka maji ya moto ya kujaza chupa za kumzungushia mtoto, apate joto, na alitaka mengi. Nikawasha mabua. Bomba likatoa matone, likakoroma, likanyamaza. Badala ya kuzima nikaongeza moto. Bomba likapasuka, mvuke ukanipiga mkono huu. Kovu ulilokuwa ukilichezea ulipokuwa mtoto ukiniuliza ni la nini, ndilo hilo.

Nilisimama pale, mkono unachunika, sina maji na sina pipa. Ndani namsikia Paskalina analia akimwita mama yake. Sijawahi kuogopa vile tena.

Mama Paskalina alitoka, akanipita kama hanioni, akaenda katikati ya kambi akapaza sauti, "Jamani, maji ya chai! Leteni maji ya chai!" Ilikuwa saa moja, kila jiko lina sufuria. Wakaja. Wake wa madereva, mlinzi wa ghala, hata mkuu wa karakana na birika lake mkononi, wengine majani yameshaingia, wakamimina hivyohivyo. Chupa za mtoto zilijaa maji ya rangi ya chai. Walifanya zamu mpaka jua lilipopanda, na siku ile hakuna mtu kambini aliyekunywa kitu. Mtoto akapata joto, akalia. Sasa unajua kwa nini wazee wa Gehandu wanamwita mama yako Chai, na kwa nini mimi nikimwita jina hilo natazama chini.

Siku tatu Mama Paskalina aliniitikia "marahaba" na kupita. Siku ya nne akaja karakana. Nilikuwa nimelikata lile bomba kwa msumeno. Ndani palibaki nafasi ya kupita sindano. Alilichukua, akajaribu kuingiza kidole chake kidogo, kikagoma. Nikangoja matusi. Ningeyapokea kwa mikono miwili.

"Mabua ni mazuri," akasema. "Mgongo wangu umepona. Tengeneza nyingine, baba. Lakini safari hii unionyeshe mkono utaingia wapi."

Nililia mbele ya mafundi wenzangu, sikujali. Hita ya pili tuliibuni wawili, mimi na mama asiyejua kusoma. Mabomba yalikuwa yamenyooka, yameungwa kwenye ncha kwa vifuniko vya kufungua, unapitisha fimbo ya chuma unakwangua. Kila Jumamosi aliifungua mwenyewe, huku akinitania kwamba fundi amepata mlango. Pembeni tukaweka pipa zima, sikuligusa. Ilifanya kazi mpaka shamba lenyewe lilipokwisha na karakana ikabaki kuta.

Basi nasaha yangu ni hii. Mchoro wako unaokoa umeme, na hilo ni jema, wala usiache. Lakini sijaona humo mahali pa kufungua. Maji ya Hanang bado yana chumvi ileile. Kabla hujakaza skrubu ya mwisho, mtafute yule atakayekitumia na kukisafisha chombo chako, mpe kiti, muulize, na akikuuliza swali linaloonekana la kijinga usicheke. Usivunje cha zamani kabla kipya hakijakaa msimu mzima. Na mkondo ukianza kupungua, sema siku hiyohiyo. Aibu ya siku moja inavumilika. Hii yangu nimeibeba mpaka mvi.

Mungu akuongoze mikono, mwanangu, akupe kazi itakayodumu na watu wa kukukosoa kwa upendo. Na hita yako ya kwanza ikikamilika, usiifunge nyumbani kwa mkubwa yeyote. Ifunge kwa mama yako. Maji ya moto aliyoyahitaji asubuhi aliyozaliwa, mimi nilishindwa kumpa.